Uzi wa Bi Stamili

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Ni kwamba tangu nianze kuandika habari hii jina limebadilishwa mara mbili, na hili la sasa bado halijafika kwenye mihuri. Wanaotufahamu watatufahamu. Ni ile nchi ambayo Mungu ameijalia mvua mbili kwa mwaka, maziwa matatu na wizara arobaini na nne, na sisi wananchi wake tunamshukuru kwa vyote, hata kwa vile ambavyo hatukuviomba.

Zamani, yaani mwaka juzi, tulikuwa na Ukumbi. Ukumbi haukuwa jengo. Ulikuwa mahali kwenye kompyuta ambapo mwenye swali aliliandika, akaliacha hapo, akaenda zake shambani. Swali pamoja na majibu yake yote tuliita uzi, kwa sababu lilianza kwa mtu mmoja likaendelea kurefuka. Huyu alijibu leo, yule mwezi ujao, mwingine baada ya kumaliza msiba wa shangazi yake. Hakuna aliyekimbizwa. Mzee Lugendo wa mtaa wetu aliuliza kwa nini maboga yake yanaoza yakiwa machanga, akajibiwa baada ya miaka mitatu na mtu wa mbali aliyepatwa na shida hiyohiyo akaitatua. Jibu lilikuwa la ukurasa mzima, lenye picha. Mzee Lugendo alikuwa ameshaacha kulima maboga, lakini aliposomewa alifuta macho, akaenda kutafuta mbegu.

Mimi niliupenda Ukumbi kwa sababu yangu mwenyewe. Nilijua kusoma nikiwa na miaka arobaini na sita, na mpaka leo nasoma kwa kidole, silabi kwa silabi, kama mtu avukaye kijito kwa kukanyaga mawe. Mle Ukumbini maneno yalikaa pale yalipowekwa mpaka nikayafikia.

Jirani yangu, Bi Stamili Kibwana, alikuwa na uzi wake mle. Uliitwa "Namtafuta mwanangu Sudi."

Sudi alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili alipochukuliwa na kikosi cha kujenga Barabara ya Mfano, huko kaskazini. Aliandika barua mbili. Kisha kambi ikahamishwa. Kisha jina la kambi likahamishwa. Kisha wizara yenye barabara ile ikavunjwa, zikaundwa mbili, na kila moja ikasema Sudi ni wa mwenzake. Bi Stamili akaenda kwenye kibanda cha intaneti, akaandika swali lake, na tangu siku hiyo kila Ijumaa akitoka msikitini alipita pale kuongeza mstari mmoja, "Bado namtafuta," ili uzi upande juu watu wauone.

Na watu waliuona. Kwa miaka tisa ulifika kurasa kumi na tisa. Waliandika wauguzi, waliandika wapishi wa kambi, aliandika hata askari mmoja aliyeomba asitajwe. Jibu lililo bora kuliko yote lilikuja likiwa limechelewa miaka minne. Lilikuwa la dereva wa greda. "Mama, samahani, tulikokuwa hakuna mtandao. Sudi nilimwacha mzima Kambi Namba Sita. Anaimba sana. Ana kovu kidevuni. Nikisikia lolote nitarudi hapahapa kwenye uzi wako."

Bi Stamili alinisomea mara tatu.

"Kovu hilo alilipata kwenye ngazi yangu ya kupakia chokaa," aliniambia. "Shoga, nilimkataza kupanda, akapanda. Mungu mkubwa. Kumbe nilikuwa ninawekewa alama."

*

Siku ya tangazo tulikusanywa uwanjani tangu saa moja asubuhi. Aliyekuja kututangazia ni Mheshimiwa Daktari Malembeka, Waziri wa Mambo ya Papo kwa Papo. Tulimngoja juani saa nne na nusu, na nadhani ndiyo maana tulimwelewa haraka.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Tumelichunguza tatizo la nchi hii, na tumelipata. Tatizo ni majibu kuchelewa. Na kwa nini majibu yanachelewa? Kwa sababu maswali yanakubali kusubiri! Swali likisubiri, linanenepa. Likinenepa, linageuka lawama. Je, tuziachie lawama zinenepe?"

"Hapanaa!" tukajibu.

"Basi kuanzia leo saa sita mchana, kusubiri kumefutwa katika eneo lote la Jamhuri, pamoja na visiwa!"

Tulipiga makofi. Mzee mmoja mbele yangu akamnong'oneza mkewe, "Na visiwa wamevikumbuka," na akaonekana kuguswa kwelikweli.

Waziri akaeleza. Ukumbi unafungwa. Badala yake kila mwananchi atapewa simu, na wote milioni kumi na moja tutaingizwa kwenye kundi moja liitwalo Gumzo la Taifa. Kila atakachoandika mmoja, wote watakiona palepale. Kila ujumbe utajifuta baada ya robo saa, ili kupisha mawazo mapya. Na Serikali ikitoa tangazo, kila mwananchi ataitikia ndani ya dakika moja. Asiyeitikia ataondolewa Gumzoni, na aliyeondolewa Gumzoni atahesabiwa kuwa amehamia nchi za nje.

Mzee Lugendo alikuwa wa kwanza mtaani kwetu. Alisinzia kidogo baada ya ugali, akaamka mgeni. Sasa anaishi nyumbani kwake kwa kibali cha miezi mitatu, na mkewe anatakiwa kwenda kituoni kila Jumatatu kuandikisha kwamba amelaza mtu kutoka nje.

*

Bi Stamili hakupiga makofi uwanjani, maana alikuwa anafikiri. Kesho yake alinigongea mapema.

"Mama Eliya, vaa viatu. Nataka kurasa zangu kabla hawajazitupa."

Amri ya Waziri ilisema, "Nyuzi zote zifungwe na zikabidhiwe kwa wizara husika." Basi wakubwa walioipokea wakatazama orodha ya wizara, wakaona kwamba inayohusika na nyuzi ni Wizara ya Nguo, Pamba na Mapazia. Nyuzi zetu milioni mbili, pamoja na funguo za kompyuta zilizokuwa zimezibeba, zikapelekwa huko. Tukazifuata.

Tulipokewa na afisa mmoja mpole, Bwana Kihwelo, mwenye futi kamba shingoni.

"Karibuni, mama zangu. Uzi wa aina gani?"

"Wa kumtafuta mwanangu," akasema Bi Stamili.

Akaandika. "Rangi?"

"Hauna rangi, baba. Ni maandishi."

"Kila uzi una rangi, mama. Hata usio na rangi huwa tunauandika mweupe. Urefu?"

"Kurasa kumi na tisa."

"Kurasa si kipimo cha uzi. Niambie mita."

Bi Stamili akanitazama. Mimi nikasema, kwa kutaka kusaidia, kwamba una urefu wa miaka tisa.

Bwana Kihwelo akageukia meza ya pili, alipokaa mwenzake akimenya karanga. "Miaka tisa kwa mita ni ngapi?"

"Inategemea na unene," akasema yule wa karanga. "Andika mia tatu."

Hapo Bi Stamili aliinama juu ya meza, akaongea taratibu kama anavyoongea na mgonjwa. "Baba, nisikilize. Mle ndani wamo watu waliomwona mtoto wangu. Yumo dereva wa greda, kaniahidi kurudi palepale. Akirudi akakuta mlango umefungwa, atajua niko wapi? Niketishe nusu saa tu, ninakili kwa mkono wangu. Sitagusa cha mtu."

Bwana Kihwelo aliacha kuandika. Akatazama mlango, akashusha sauti.

"Mama, nakuelewa. Na mimi nilikuwa na uzi mle, wa ugonjwa wa mke wangu. Daktari mmoja alikuwa ananijibu kila akipata nafasi. Lakini nikiandika 'maandishi' kwenye fomu hii, fomu inakwenda Wizara ya Elimu, nao watauliza kwa nini nyuzi zao ziko ghala la mapazia, na mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Mkeo hajambo sasa?" akauliza Bi Stamili.

"Tulikuwa hatujamaliza kujibiwa," akasema Bwana Kihwelo.

Aliingia ghalani, akatoka na kidonge cha uzi mweupe kipya na cheti chenye mhuri, kwamba uzi wa Bi Stamili Kibwana, mita mia tatu, pamba, umefungwa salama. Tulipofika nje Bi Stamili alivuta kipande kujaribu, na hakikukatika. Yule bwana alikuwa ametuchagulia ulio mzuri.

*

Gumzo la Taifa lilianza siku ya Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, kwa salamu. Sisi ni watu wenye adabu, kwa hiyo kila mmoja alimsalimu kila mmoja. Kufikia saa nne salamu za asubuhi zilikuwa hazijaisha, na ikawa hatuna budi kuanza za mchana. Katikati ya salamu zilipita picha za maua, mtu aliyeuza magodoro, sauti ya jogoo wa mtu, na ujumbe wa kuonya kwamba usipoutuma kwa watu kumi utapata hasara. Mwanamke mmoja aliandika, "Jamani kuna daktari humu? Mtoto anatapika." Akajibiwa papo hapo, kama alivyoahidi Waziri. Walimjibu watu mia nne, na wote waliandika "Amina."

Bi Stamili naye akaandika. "Namtafuta mwanangu Sudi Kibwana, aliyekuwa Kambi Namba Sita. Ana kovu kidevuni."

Majibu yalikuja kabla hajaweka simu chini.

"Hongera mama!"

"Pokea kwa imani!"

"Bei gani?"

"Kovu kidevuni, hahaha, kama shemeji yangu."

"Nani kamwondoa mjomba? Mjomba kaondolewa!"

"Mama na wewe, kila siku huyohuyo, unatujazia simu."

Malalamiko yalimfikia Adimini Mkuu wa Taifa, akatoa mwongozo. Huzuni zote zitawekwa Gumzoni siku ya Jumatano, saa nane kamili hadi saa nane na dakika tano. Saa nyingine ni za furaha. Bi Stamili ni mtu mtii. Kila Jumatano alivaa kanga safi, akakaa kibarazani na simu mkononi, na saa nane ilipogonga akatuma maneno yake. Lakini katika dakika zile tano huzuni za nchi nzima ziliingia kwa mkupuo, zikapita kwa kasi hata mwenyewe huwezi kuiona yako. Nilijaribu kuwaombea mmoja mmoja kadiri walivyopita. Nikashindwa, nikaanza kuwaombea kwa jumla.

Shida nyingine ilikuwa ibada. Utafanyaje ikiwa tangazo la Serikali litatoka umesujudu? Baadhi ya viongozi wa dini waliuliza, na Wizara ikawajibu kwa upole kwamba Mungu ana subira na anaweza kukaa kidogo, bali Serikali haina subira. Basi mtaani kwetu tukazoea kushikiana simu. Bi Stamili akiingia ndani kuswali, mimi nashika yake na kumwitikia. Mimi nikipiga magoti, yeye anashika yangu. Hatukuona kama ni udanganyifu. Tuliona ni ujirani.

*

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, adhuhuri.

"Shika, shoga," alisema Bi Stamili, akanipa simu. "Sikawii."

Niliketi kibarazani pake na simu mbili mapajani, yake na yangu. Zilikuwa zinapita salamu za mchana. Nilikuwa sizisomi, nilikuwa nazitazama tu kama mtu anavyotazama maji. Kisha kwenye simu yake nikaona "Mama Sudi."

Nikaweka kidole.

"Ma-ma Su-di, a-sa-laam a-lei-kum. Ni mi-mi de-re-va wa gre-da."

Nilitaka kumwita, lakini mtu akiwa kwenye sala haitwi. Nikaendelea.

"Ni-me-ku-ta-fu-ta U-ku-mbi-ni si-ku-ku-o-na."

Hapo simu zote mbili zikapiga honi. Ni honi ya tangazo la Serikali, haifanani na nyingine. Katikati ya kioo pakatokea maandishi mekundu, ambayo nilikuwa nimeshayazoea kwa umbo: mwitikio, dakika moja. Tangazo lenyewe, nilivyokuja kusomewa baadaye, lilisema, "Mheshimiwa Waziri Malembeka amepiga chafya. Wananchi wote mpeni pole."

Sekunde zikaanza kushuka. Na wananchi, Mungu awabariki, wakaanza kumpa pole. Pole za watu milioni kumi na moja ziliingia kwa chini, na kila moja ikasukuma ujumbe wa dereva juu kidogo. Kidole changu kikaufuata.

"Su-di," nikasoma. "A-me."

Zilibaki sekunde tisa. Nikafikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri maishani. Nisipoitikia kwenye simu yake, Bi Stamili ataondolewa, atakuwa mgeni, na dereva hatampata tena milele. Nikiitikia, ujumbe uko hapohapo, nitaurudia. Nikabonyeza "Pole" kwenye simu yake. Nikabonyeza na kwenye yangu.

Sikujua, au nilijua nikasahau, kwamba ukituma neno lako Gumzoni kioo kinaruka mpaka chini kabisa, ili ulione lako.

Nikaanza kuvuta kurudi juu. Pole. Pole. Pole Mheshimiwa. Pole. Nikavuta kwa kidole kimoja, nikavuta kwa viwili. Pole. Pole sana. Neno hilohilo moja, kutoka kwa watu nisiowajua, kana kwamba nchi nzima imeshaambiwa nilichofanya.

Bi Stamili akatoka, bado amejitanda kitambaa cha kuswalia.

"Kuna jipya, shoga?"

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Aliichukua simu, akaketi kwenye ngazi, akavuta na kuvuta, midomo ikitembea bila sauti, mpaka robo saa ikaisha na ujumbe ule, popote ulipokuwa, ukajifuta.

"Sudi ame nini?" akauliza.

"Sikufika, jirani."

"Ame nini, Mama Eliya?"

"Sikufika."

*

Tulikwenda Wizara ya Mambo ya Papo kwa Papo. Binti wa mapokezi alitukaribisha vizuri na kutupa maji.

"Ujumbe wa lini, mama?"

"Wa jana."

Akasikitika. "Jana haiko chini ya wizara hii, mama. Sisi ni leo, tena leo ya sasa hivi. Jana waulizeni Makumbusho."

Makumbusho walituambia kwamba kwa mujibu wa sheria wao hupokea vitu vyenye umri wa miaka hamsini na kuendelea. Walituomba turudi ujumbe ukishafikisha umri.

Basi Jumatano, saa nane kamili, Bi Stamili aliandika maneno mapya. "Wewe dereva wa greda, uliniandikia kwamba Sudi ame. Neno halikuisha. Nakuomba kwa jina la Mungu umalizie."

Na hii ndiyo mara ya kwanza ambapo Gumzo lilimsikiliza. Sijui kwa nini. Nafikiri watu walidhani ni chemshabongo.

"Amebarikiwa!"

"Amenenepa!"

"Ameoa mjane!"

"Amekula ada ya shule, hahaha!"

"Amependeza!"

"Amekuwa kama baba yake!"

Yalikuja maneno kutoka kila mkoa. Watu waliokuwa wameweka huzuni zao wakaziacha, wakajiunga. Adimini Mkuu, alipoona nchi imechangamka, aliongeza muda hadi saa nane na nusu na kutangaza kwamba haya sasa ni mashindano ya kitaifa, yaitwayo Malizia Ame. Mimi na Bi Stamili tulikaa bega kwa bega na kioo kimoja kati yetu. Sisemi kwamba dereva hakuandika. Nafikiri aliandika. Mtu aliyechelewa miaka minne na akaomba samahani si mtu wa kunyamaza. Katika maneno yale yote moja halikuwa la mzaha, na lilipita mbele ya macho yetu likiwa limevaa kama mengine.

Wiki iliyofuata maafisa wawili walifika na ngoma na mpiga picha. Waziri mwenyewe alikuwa amechagua neno la ushindi. Walimkabidhi Bi Stamili cheti kikubwa chenye fremu: SUDI AMEENDELEA.

"Hongera, mama!" alisema afisa mkubwa. "Mwanao ameendelea!"

"Ameendelea kwenda wapi, baba?"

Afisa akageuza cheti akatazama nyuma. "Hapo hawakueleza, mama. Ni maendeleo ya jumla." Kisha mpiga picha akamwomba atabasamu, naye akajitahidi, kwa kuwa walikuwa wametoka mbali na hata maji hawajanywa.

*

Walipoondoka jua lilikuwa bado juu ya mabati. Bi Stamili alileta ungo wa mchele, tukaketi ngazini tukaanza kuchambua.

"Mama Eliya," akasema. "Wewe unasoma kwa kidole."

"Ndiyo, jirani."

"Kidole chako kilisimama wapi hasa?"

"Kwenye 'ame'."

"Na mbele ya 'ame' hukuona chochote? Hata herufi moja? Hata mguu wake tu?"

Hapa ninaandika jambo ambalo nalisema kwa Mungu kila nikipiga magoti, na sijajua amelipokeaje. Niliiona. Kabla sijabonyeza "Pole" niliiona herufi moja zaidi, nikaiona vizuri, yenye kichwa kilichoinama na mkono uliokatiza kifuani. Ilikuwa f. Nimekaa na herufi hiyo tangu siku ile. Najua maneno yanayoweza kutoka ndani yake. Amefika. Amefaulu. Amefurahi. Amefungwa. Na lipo lile lingine, ambalo redioni hutanguliwa na muziki wa taratibu.

Bi Stamili alikuwa anakitazama kidole changu.

"Sikuona, jirani," nikasema. "Kioo kiliruka."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Akauvuta ungo karibu.

"Basi herufi zote bado ni zangu," akasema.

Akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa uani. "Ameamka," akasema.

"Amina," nikasema.

Akatoa lingine. "Amebeba mzigo."

"Amina."

"Amecheka. Anacheka ovyo yule."

"Amina."

"Amedamka mapema, kabla ya wenzake."

"Amina."

"Ameelekea kwetu."

"Amina, jirani."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Alikuwa anatafuta jiwe na haoni. Nilitazama chini, nikawa naomba, sikumbuki kwa maneno gani, kwamba akose neno, au aiache herufi ile aende kwenye inayofuata, au mtu apite njiani amsalimu. Hakupita mtu.

"Amefika," akasema Bi Stamili.

"Amina!" nikasema, kwa sauti kubwa kiasi kwamba ng'ambo ya uzio mtu aliuliza kuna nini.